Muziki Uliowekwa Chini ya Maneno



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila nyumba yenye simu inalo, nalo ni muziki unaowekwa chini ya maneno na picha. Hatukusudii nyimbo ambazo mtu huzifungua kwa khiari yake ili azisikilize. Hizo zina mlango wake, na mengi yamekwisha kusemwa. Twakusudia muziki usioitwa. Mtoto afungua video ya kujifunza kutawadha, ngoma ikaanza kabla ya maji. Mama atafuta namna ya kupika migebuka kwa mawese, gitaa likaja pamoja na sufuria. Kijana acheza gemu la mpira, na tangu aliwashe mpaka alizime muziki humfuata kama kivuli. Hata tukialikwa semina mjini Kigoma juu ya malaria, mtaalamu hufungua slaidi zake, na spika zikaanza kupiga kabla yeye hajatamka neno. Vijana wetu wanauita muziki huu "biti", na wanasema video isiyo na biti ni kama chai isiyo na sukari.

Mzazi mmoja wa hapa Ujiji ametuuliza, naye si peke yake: yeye hakufungua muziki, amefungua mawaidha, na muziki ukaja ndani yake, je, ana dhambi? Wako waliomcheka. Sisi twasema suali lake ni suali la mtu anayeichunga dini yake, na maulamaa walilijibu zamani, karne nyingi kabla ya simu.

Walilijibu kwa kupambanua baina ya kusikia na kusikiliza. Kusikia ni sauti kuingia sikioni bila ya mtu kuikusudia; kusikiliza ni mtu kutega sikio lake. Sheikh Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, yaani 1328 Miladia, ni miongoni mwa waliolieleza jambo hili, na hoja yao kubwa ni kisa cha Nafi'. Huyu alikuwa pamoja na bwana wake Abdallah bin Umar (r.a.) njiani, wakasikia filimbi ya mchungaji. Ibn Umar akatia vidole masikioni, akaiacha ile njia, akawa akimwuliza Nafi' kama bado anasikia. Alipoambiwa kwamba sauti imekwisha, akavitoa vidole, akasema kuwa alimwona Mtume (s.a.w.) akifanya vivyo hivyo. Imam Abu Daud ameitoa khabari hii katika Sunan yake, ijapokuwa mwenyewe ameitia dosari, na wengine baada yake wakaisahihisha. Tazameni: Ibn Umar alijiziba masikio, lakini Nafi' hakuamriwa kujiziba. Ndipo maulamaa wakasema kwamba sauti iliyokujia tu haina hisabu juu yako, na wakasema pia kwamba mwenye kuipata njia nyingine ni bora aipite.

Basi mzazi yule hana dhambi kwa kilichomjia. Lakini filimbi ya mchungaji ilikuwa ya mchungaji. Hakuipiga kwa ajili ya Ibn Umar, wala hakukusudia kumfanya ahuzunike au afungue mfuko wake. Muziki wa video umewekwa na mtu aliyekufikiria wewe. Umewekwa ili usikie bila ya kujua kwamba unasikiliza. Hapo ndipo penye maneno mengi, na hapo ndipo twataka kukaa.

Khitilafu ya maulamaa juu ya ala za muziki hatutaki kuirefusha. Madhehebu manne, na yetu ya Shafi'i ni moja kati yake, wengi wao wamezikataza ala za nyuzi na za kupuliza, kwa hadithi aliyoitaja Imam Bukhari na nyinginezo. Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 456 Hijria, aliziruhusu, na katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, aliruhusu kwa masharti. Dufu lina ruhusa yake, khasa katika arusi na siku za Idi; Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na vijakazi wawili wakiimba nyumbani kwake siku ya Idi, Abu Bakr akawakemea, na Mtume (s.a.w.) akasema waachwe. Imam Ghazali katika Ihya ametenga kitabu kizima kwa mambo haya, akawa anatazama wakati, mahali na watu walio pamoja. Kila nyumba na imfuate sheikhe wake. Tunayoyasema hapa yamfaa hata yule anayesema kuwa ala ni halali.

Tazameni kwanza nguvu ya sauti hii. Wengi wetu tumeiona ile filamu ya "The Message" aliyoitengeneza Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab katika Sham, iliyotoka mwaka 1976. Mtume (s.a.w.) haonyeshwi humo wala sauti yake haisikiki. Mtazamaji atajuaje basi kwamba yupo mahali pale? Wamempa ishara: muziki laini hupigwa, na watu waliomo huelekea upande wa kamera. Muziki huo ulitungwa na Mfaransa, Maurice Jarre. Hatutoi hukumu juu ya filamu ile. Twasema tu kwamba hapo muziki umefanya kazi ya neno zima, na kila mtazamaji ameelewa bila ya kufasiriwa.

Katika gemu ni zaidi. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitoa mchezo ulioitwa Space Invaders, na chini ya mchezo ule mlikuwa na noti nne tu zinazorudiwa. Kadiri wavamizi wanavyosogea, noti zile huzidi kwenda mbio, na moyo wa mchezaji nao huenda mbio. Yote yaliyokuja baadaye yalijifunza katika mlango huo. Mzazi anayemwona mwanawe katika kibanda cha gemu pale Mwanga, jasho lamtoka na chakula hakikumbuki, na ajue kwamba macho si peke yake yaliyomkamata.

Na dukani? Mwaka 1982 mtaalamu wa Kimarekani, Ronald Milliman, alieleza jaribio alilolifanya katika duka kubwa la vyakula. Siku nyingine alipiga muziki wa pole pole, siku nyingine wa haraka. Siku za muziki wa pole pole watu walitembea taratibu, na mauzo yalizidi kwa kadiri ya asilimia 38 kuliko siku za muziki wa haraka. Ikiwa sauti ambayo mnunuzi haiangalii yaweza kuupeleka mkono wake mfukoni, tusemeje juu ya sauti inayowekwa chini ya mawaidha?

Suali hili lilitufika wenyewe. Madrasa moja ya mwambao huu wa Tanganyika ilikuwa na paa bovu, na vijana wake walitengeneza video ya kuomba mchango. Waliweka picha za watoto wanaosoma huku wakikwepa matone ya mvua, na chini yake wakaweka kinanda cha huzuni. Tulipoonyeshwa, hapana aliyebaki na macho makavu. Mzee mmoja katika kamati akaomba irudiwe, safari hii bila ya kinanda. Ikarudiwa, na machozi hayakuja. Akauliza: "Sasa huruma yetu ilikuwa ya paa au ya kinanda?"

Vijana walijitetea, na utetezi wao haukuwa wa kipuuzi. Walisema watu hupitisha kidole katika simu kwa sekunde chache, na video kimya haitazamwi. Ikiwa haitazamwi, watoto wataendelea kunyeshewa. Walisema pia kwamba paa ni bovu kweli, hawakusema uwongo. Wazee wakajibu kuwa sadaka ni amana, na mtu anayetoa yampasa ajue anatoa kwa ajili ya nini. Mjadala ulichukua siku tatu. Mwishowe kinanda kikatolewa, ikaachwa sauti ya mvua juu ya mabati na sauti za watoto wakisoma. Hatudai kwamba iliyotolewa muziki ilileta fedha nyingi zaidi. Tuwe wakweli: ilisambazwa na watu wachache kuliko walivyotaraji vijana, na paa hivi sasa limefika nusu. Sisi tulikuwa upande wa wazee, na tungali upande wao, lakini hatuwezi kuwaambia vijana kwamba hawakupoteza kitu.

Kuna jambo jingine ambalo twaliona baya kuliko gitaa. Vijana wanaoogopa ala, kwa nia njema, wameanza kuiweka Qurani mahali pa biti. Utaona video ya jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, na sura inasomwa chini yake huku mwandishi ameandika maneno yake ya mapenzi. Utaona tangazo la dagaa wa Kigoma, bei na namba ya simu, na kisomo cha msomaji mashuhuri kinapita chini yake. Aya hukatwa katikati ili itoshe sekunde walizopewa. Katika Sura Al-A'raf, aya ya 204, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuisikiliza Qurani inaposomwa na kunyamaza. Tazameni, hapo halikutumika neno la kusikia. Limetumika neno la kusikiliza. Wafasiri wamekhitilafiana kama wajibu huo ni wa ndani ya sala na khutba tu au ni wa kila mahali, lakini adabu yenyewe hawakuikanusha. Sasa sisi twaisomesha ili watu waseme juu yake! Mwanafunzi aliyekwisha fundishwa mahali pa kusimama na mahali pasiposimamwa, atakubalije kuikata aya kwa mkasi wa simu kwa sababu bei ya dagaa imekwisha kutajwa? Tunawaomba walimu wenzetu wa Ujiji, Kasimbu, Rusimbi na kwingineko walitaje jambo hili darasani, kwa upole, kwani wengi hawakulikusudia.

Wengine huweka kasida ya sauti tupu, isiyo na ala, chini ya somo. Hii kwa upande wa fiqhi ni nyepesi. Lakini kwa upande wa kufahamu, ni mzigo. Wataalamu wawili, Pierre Salamé na Alan Baddeley, walitoa mwaka 1989 matokeo ya majaribio yao: watu walipewa tarakimu za kukumbuka huku sauti mbali mbali zikipigwa, na muziki wenye maneno uliwavuruga zaidi kuliko muziki usio na maneno. Maana yake ni dhahiri kwa kila mwalimu. Maneno hupigana na maneno. Mtoto anayefundishwa nguzo za sala huku kasida inaimbwa chini yake ana walimu wawili kwa wakati mmoja, na sikio lake ni lile lile.

Na dawa yake tunayo katika dasturi yetu wenyewe. Nani katika mwambao huu hajakaa katika maulidi ya Barzanji? Msomaji husoma mlango, watu wote kimya. Akimaliza, ndipo watu hupokea kwa sauti, kasida na dufu hupata zamu yake, kisha kimya hurudi na mlango mwingine husomwa. Hapana anayepiga dufu juu ya msomaji. Hivyo ndivyo inavyofaa video ya somo kupangwa: kasida ije mwanzo, ije baina ya sehemu na sehemu, ije mwisho, maneno yanapoanza, inyamaze. Katika programu za kukatia video, kama CapCut, kila sauti hukaa katika mstari wake na huwekwa kiwango chake peke yake, kwa hiyo kazi hii haizidi dakika chache.

Kwa anayeona kuwa hana budi kuweka sauti chini ya maneno, kipimo kipo. Shirika la W3C, linalotoa kanuni za kurasa za mtandao, lilisema katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kwamba sauti ya chini ipungue kuliko maneno kwa desibeli 20 angalau, yaani sikioni iwe kama robo ya maneno. Waliiweka kanuni hiyo kwa ajili ya wasiosikia vizuri. Wazee wetu waliomaliza umri wao karibu na injini za maboti wamo katika hao. Kijana husikiliza kazi yake kwa vifaa vya masikioni, akaona maneno yasikika sawa sawa. Kisha video ile inafika kwa babu yake, katika spika ndogo ya simu, barazani, upepo wa ziwa unavuma, na babu hasikii ila ngoma. Kabla ya kuitoa, mpelekee mzee aisikilize katika simu yake yeye.

Kwa upande wa gemu, wazazi wengi hudhani hapana njia ila kunyang'anya simu. Fungueni sehemu ya mipangilio. Gemu nyingi hutenga muziki na sauti za mchezo wenyewe, kama vile mpira kupigwa au mlango kufunguka, na kila moja ina kipimo chake. Mzazi aweza kuuzima muziki kabisa na mchezo ukaendelea. Anayetuma video kwa WhatsApp aweza kuizima sauti yake kabla ya kuituma, kwa kugusa alama ya spika. Anayetoa slaidi kwa PowerPoint na aangalie kama aliamuru sauti ipigwe katika slaidi zote, kwani amri hiyo ikisahauliwa muziki wa ukurasa wa kwanza humfuata hadi wa mwisho. Katika YouTube mtazamaji hana uwezo wa kutenga muziki na maneno. Atapunguza vyote au atatafuta mwalimu mwingine, nao wapo wengi wasioweka kitu.

Hapa kuna jambo linalotuuma zaidi ya yote tuliyoyasema. Wazee wa Ujiji wanakwisha. Vijana huwarekodi: mzee aeleza darsa za zamani, au safari za majahazi kwenda Kalemie na Uvira, au namna dagaa walivyovuliwa kwa karabai kabla ya taa za sola. Kisha kijana huweka biti chini ya mzee, huipandisha mtandaoni, na ile rekodi ya kwanza huifuta ili simu ipate nafasi. Mzee akifariki, watoto wake huja kutafuta sauti ya baba yao, wakaipata pamoja na gitaa la mtu wasiyemjua. Ziko programu za kutenganisha sauti ya mtu na muziki, na zimeendelea sana, lakini mara nyingi humrudisha mzee akiwa kama anasemea ndani ya mtungi. Na si wazee tu. Ziwa nalo lina sauti zake. Wavuvi wa Katonga wakiitana usiku usio na mwezi, makasia, adhana ya alfajiri inayowakuta majini, honi ya MV Liemba, meli iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915: ni nani kati yetu anayo rekodi ya hayo isiyo na biti juu yake? Enyi vijana, wekeni rekodi ya asili mahali pa salama, katika simu ya pili au kadi ya kumbukumbu, kabla hamjaongeza chochote. Biti yaweza kuongezwa wakati wowote.

Neno dogo juu ya haki za watu. Muziki ule una wenyewe, na kasida nazo zina wenyewe. Kuwa ni ya dini hakuifanyi kuwa ya bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni ya mwaka 1999, nayo ndiyo iliyoiunda COSOTA, na YouTube tangu mwaka 2007 ina mtambo unaozitambua sauti za watu na kuweza kuinyamazisha video nzima. Madrasa iombe idhini, au itumie sauti za wanafunzi wake kwa ridhaa ya wazazi wao. Twaona sauti za watoto wetu ni nzuri vya kutosha, ijapokuwa sisi ni walimu wao na ushahidi wetu waweza kupingwa.

Ndugu waliotuandikia kuuliza juu ya dufu katika video za arusi, na kama inafaa bibi arusi kusikika sauti yake katika video inayosambazwa, tumepata barua zao. Mas-ala hayo mawili hayakai katika ukurasa mmoja na haya, na tutayazungumza katika toleo lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.